Kufundisha Asia likizo ya Julai: tunagonga mlango usio wetu

Msimu wake ndio huu, wadau. Kila vyuo vinapokaribia kufunga, tangazo lile lile huanza kutembea kwenye simu za vijana kutoka Mbezi Beach, Bunju, Mapinga na Kerege mpaka Bagamoyo mjini. Nafasi za kufundisha Kiingereza Asia, wiki sita mpaka nane, chumba bure, nauli utarudishiwa ukishafika. Kinachotakiwa ni pasipoti, picha mbili na "ada ya usajili". Chini kuna namba ya simu. Jina la ofisi halipo.

Nimeulizwa kuhusu mchongo huu na watu wengi mno, wengine wahitimu wa digrii wenye Kiingereza safi kuliko changu. Wengine wazazi wao wameshaanza kuuliza bei ya kiwanja cha familia. Nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake, niandike mara moja. Msimamo wangu nautaja mapema: mlango huu tunaougonga haukujengwa kwa ajili yetu, na upo mwingine umefunguliwa nusu ambao hatuutazami.

Tuanze na huo uliofungwa.

Ni kweli shule za China hufunga Julai na Agosti, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi wazazi wa miji mikubwa walilipa fedha nyingi ili watoto wao wasome Kiingereza wakati wa likizo. Hapo ndipo sifa ya hizi kazi ilipotoka. Lakini tarehe 24 Julai 2021 serikali ya China ilitangaza sera ya kupunguza mzigo wa masomo kwa watoto. Kampuni za tuisheni zilipigwa marufuku kufundisha masomo ya mtaala, Kiingereza kikiwemo, wikiendi, sikukuu na likizo. Biashara kubwa sana ikaporomoka ndani ya miezi michache. Kwa hiyo anayekuuzia leo "kambi ya Kiingereza ya likizo" kama vile ni 2015, muulize hiyo kambi inaendeshwa kwa ruhusa gani.

Halafu kuna kibali cha kazi. Mfumo wa vibali ambao China ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2017 unataka mwalimu wa lugha wa kigeni, kimsingi, awe anafundisha lugha yake ya kwanza, awe na digrii na uzoefu wa miaka miwili. Korea Kusini wao wameweka orodha kabisa. Viza ya mwalimu wa Kiingereza, ile ya E-2, ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Wala Kenya, wala Uganda. Hapo hawapimi matamshi yako wala alama zako za chuo, wanatazama jalada la pasipoti.

Inauma? Inauma. Lakini kabla hatujaanza kulia ubaguzi, tukumbuke na sisi tuna sheria ya mwaka 2015 inayodhibiti ajira za wageni. Hata mzungu anayekuja kujitolea wiki chache kwenye shule ya msingi hapa Bagamoyo anatakiwa awe na kibali kinachomruhusu. Kila nchi inalinda kazi zake. Tofauti ni kwamba wao wanatekeleza.

Na wanatekeleza kweli kweli. Wakala atakwambia, "Nenda na viza ya utalii, utabadilisha ukifika." Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema mgeni anayefanya kazi bila kibali atapigwa faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000. Kosa likiwa kubwa, anawekwa ndani siku 5 mpaka 15, na anaweza kurudishwa kwao. Hizo yuan 20,000 ni karibu milioni 7 za madafu. Umeondoka nyumbani kutafuta hela ya mtaji, unarudi na deni na muhuri mbaya kwenye pasipoti.

Sasa piga hesabu ndogo. Kibali halali kinataka cheti cha digrii kilichothibitishwa, cheti cha polisi, vipimo vya afya, barua ya mwajiri, na viza ubalozini. Hayo yanachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mwajiri gani mwenye akili atahangaika hivyo kwa mtu wa wiki sita? Ndiyo maana kazi halali za kufundisha huko karibu zote ni za mwaka mzima. Ufupi wa mkataba ni dalili tosha kwamba kuna kitu kimerukwa, na kilichorukwa kwa kawaida ni kibali chako.

China na Korea angalau utakuta sheria. Kuna kubaya zaidi. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi nzuri Thailand, baada ya vijana kujikuta wamevushwa mpaka na kuingizwa Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwaka 2025 maelfu ya wageni walitolewa kwenye makambi hayo ya eneo la Myawaddy, wakiwemo Wakenya na Waethiopia. Wengi walikuwa watu wa shule kama mimi na wewe, wanaojua Kiingereza na kompyuta. Sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008, lakini sheria ya Dar es Salaam haina mkono mrefu wa kukutoa Myawaddy.

Basi tukae tu kijiweni? Hapana. Rudi kwenye ile kanuni ya China: mwalimu afundishe lugha yake ya kwanza. Tumeisoma kama kufuli. Isome tena. Kiingereza si lugha yetu ya kwanza. Kiswahili je?

Kiswahili kinafundishwa vyuo vikuu vya Beijing tangu miaka ya 1960. Redio ya China inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Kinafundishwa Osaka, Japani, na Chuo Kikuu cha Hankuk cha lugha za kigeni kule Korea Kusini, nchi ile ile ambayo haitutaki kwa Kiingereza. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya shindano la sauti hapa Tanzania, na washindi wakapata kazi Beijing ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawaongei kama watu wa London. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, katikati kabisa ya hiyo likizo tunayoipigia hesabu.

Nisikudanganye: nafasi hizo ni chache na hazitoshi hata robo ya wanaohitimu kila mwaka. Lakini kufundisha Kiswahili si lazima upande ndege. Mwanafunzi wa Seoul anaweza kufundishwa na mtu aliyekaa Magomeni, Bagamoyo, akiwa na intaneti nzuri na mpangilio wa masomo unaoeleweka. Na wengine wanakuja wenyewe. TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SUZA kule Zanzibar wanapokea wageni wa kujifunza Kiswahili. Bagamoyo ina TaSUBa, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na wageni wanakuja kujifunza ngoma, marimba na uchezaji. Marehemu Hukwe Zawose aliishi mji huu huu. Alizunguka dunia na zeze na ilimba, akapiga muziki wa Kigogo na kuimba Kigogo, na dunia ndiyo iliyomwalika. Hakuwahi kujifanya mtu wa mahali pengine ili apate viza.

Tatizo ni kwamba tunadhani kujua lugha ni kujua kuifundisha. Mgeni akikuuliza kwa nini ni "mtu mzuri" lakini "kitu kizuri", ukamjibu "ndivyo tunavyosema", hujafundisha. BAKITA wanatoa mafunzo ya muda mfupi kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni, na wana kanzidata ya wataalamu. Hela ya "ada ya usajili" ya yule bwana asiye na ofisi ingefaa zaidi huko.

Na wewe unayesisitiza kuondoka, sikuzuii. Lakini fanya mambo matatu. Kwanza, hakikisha wakala ana leseni. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ndiko pa kuuliza kabla hujatoa senti. Pili, dai jina la shule na aina ya viza kwa maandishi, halafu wewe mwenyewe, siyo wakala, uulize ubalozi wa nchi husika. Tatu, usipande ndege kwa ahadi ya "utabadilisha ukifika". Akikataa mojawapo, umeshapata jibu lako, na limekuja bure.

Kwa serikali nina ombi moja. Tunapokea walimu wa kujitolea kutoka Japani na Korea, na tuna Taasisi ya Confucius ya Kichina pale Mlimani tangu 2013. Ni jambo jema. Lakini makubaliano yanakwenda pande mbili. Wanapoleta wao wa kwao, nasi tudai nafasi za vijana wetu kufundisha Kiswahili na ngoma huko kwao, hata kwa miezi miwili ya likizo, kwa viza ya kueleweka. Nafasi 20 halali kwa mwaka zingevunja nguvu ya matangazo mengi ya uongo, kwa sababu kijana angekuwa na kitu cha kweli cha kulinganisha.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, mzazi mwenye kiwanja Kiromo au Zinga asikiuze. Mtoto wake anaweza kuwa mwalimu wa kimataifa bila kujifanya Mwingereza.

Mwaonaje, wadau?