Utamaduni wetu si chungu kwenye kabati la kioo

Niambie ukweli. Rafiki yako wa Nairobi akikutembelea Kitale, aseme, "Nionyeshe sanaa ya huku kwenu," utampeleka wapi? Najua jibu lako. Utampeleka makumbusho, mtaangalia nyoka na mamba, mtapiga selfi kando ya nyumba za nyasi, halafu mtatafuta chipsi. Kama amekuja Bungoma utamwambia arudi Agosti, msimu wa tohara, ndipo aone "utamaduni". Hapo umemaliza.

Hebu tuliangalie hilo jibu polepole, maana kuna maneno ndani yake.

Makumbusho ya Kitale hayakuanzishwa na watu wa huku. Yalianza na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyependa vipepeo kupita kiasi. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe, akajaza wadudu, ndege, vitabu na vitu vya jamii alizokuta maeneo haya. Alipofariki mwaka 1966 aliachia taifa mkusanyiko wake pamoja na pesa za kujenga jengo jipya, na jengo hilo likafunguliwa mwaka 1974. Ndiyo yalikuwa makumbusho ya kwanza kujengwa bara nje ya Nairobi. Kwa hivyo usikubali mtu akuambie Kitale ni mji wa mahindi pekee. Miji mikubwa kuliko huu ilingoja sana.

Lakini ukishaingia ndani, angalia vitu vilivyopangwa. Hapa ni Wapokot, pale Waturkana, kona ile Wamarakwet. Kila jamii na kabati lake, kila kabati na kibao chake. Mkuki, kibuyu, shanga, kigoda. Nje kuna maboma ya jamii kadhaa, kila boma peke yake. Sasa jiulize: mtoto aliyezaliwa Kipsongo, mama Mturkana, baba Mbukusu, anayeongea Sheng na marafiki na Kiswahili dukani, atasimama mbele ya kabati lipi aseme "huyu ni mimi"?

Hakuna. Na watoto kama huyo ndio Kitale yenyewe. Trans Nzoia ilikatwa mashamba ya walowezi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa wakiishi hapo wakasukumwa pembeni, wafanyakazi wakaletwa kutoka kila upande. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi na makampuni ya kununua mashamba, wakaingia watu wa kila kabila la nchi hii. Mji ni mchanganyiko, ila tukitaka kuuonyesha tunaupanga kwa makabati.

Usidhani hii ni shida ya sanaa tu. Kumbuka mwanzo wa mwaka 2008, baada ya kura. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Pahali ambapo mwaka mwingine ungeona ng'ombe wa gredi wakipewa zawadi, watu walilala kwenye hema kwa sababu ya kabila lao. Wakati huohuo Mlima Elgon ulikuwa unawaka kivyake: wanamgambo wa SLDF tangu 2006 kwa ajili ya mashamba ya Chebyuk, kisha Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na familia nyingi hadi leo hazijui watu wao walikoishia. Kama wewe ni wa miaka ishirini na kitu, ulikuwa mtoto wakati huo. Umewahi kuona maonyesho ya mtaani, Kitale au Bungoma, yanayokueleza kilichotokea? Mimi bado.

Na siyo kwamba Wakenya hawajui kufanya kitu kama hicho. Mwaka 2009 mpigapicha Boniface Mwangi alianzisha Picha Mtaani. Alichukua picha za vurugu za 2007/08, zile ngumu kuangalia, akazipeleka kwenye miji mbalimbali na kuzitundika wazi barabarani. Hukulipa kiingilio na hukuhitaji kuvaa vizuri. Mtu alikuwa anaenda sokoni, anakutana na picha ya jirani akiwa na panga. Wengine walilia pale, wengine walikasirika wakisema vidonda vinachokonolewa. Hata hao waliokasirika walikuwa wamesimama, wameangalia. Galari gani yenye sakafu ya kung'aa ingewafikia?

Kibera walikuwa na njia yao. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa mwaka 2001 na vijana wawili waliokuwa wakiandika mabango ya maduka. Ndiyo, wale wale wachoraji wa "Kinyozi" na "Hoteli". Kibanda chao kikawa studio, studio ikajulikana hadi ng'ambo. Na moto ulipowaka 2008, mmoja wa wasanii wa kundi hilo, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alichukua rangi na brashi akaandika maneno ya amani kwenye kuta, vibanda na barabara za Kibera, kila mahali mkono ulipofika. Hakungoja barua ya mwaliko. Ukuta ulikuwa pale na watu walikuwa wanapita.

Ndiyo maana nakwambia tuna wasanii tayari. Tembea kwenye miji yetu miwili uangalie kuta za vinyozi, milango ya butcha, mgongo wa matatu, vizuia-tope vya bodaboda. Kuna mtu alichora hiyo sura ya Tupac yenye pua kubwa kidogo. Kuna mtu anajua kuchanganya rangi ya bei rahisi ikakaa miaka miwili juani. Hao hatuwaiti wasanii, tunawaita "fundi wa mabango", na sasa mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zinawala kazi. Siku moja tutaamka waliochora mtaa wote wameshaingia mjengo kubeba mawe.

Sasa tuseme kuhusu maonyesho ambayo huwa yanafika. Unayajua. Hema nyeupe, viti vya plastiki, bango la shirika lenye nembo sita chini. Mada imeshachaguliwa ofisini mbali: mimba za utotoni, amani, mabadiliko ya tabianchi. Kijana anapewa kitambaa na rangi na kuambiwa achore amani. Anachora mikono miwili imeshikana, mmoja mweusi zaidi ya mwingine (sijawahi kuelewa kwa nini), njiwa juu. Picha inapigwa picha, inaingia kwenye ripoti, na wiki ijayo kitambaa kinafunika nyanya. Sitaki kuwa mkali sana, rangi si bure na wafadhili ndio huleta. Lakini swali "nani ana shamba la nani hapa?" halipewi kitambaa. Wala "polisi walimpeleka wapi mtu wetu?" Mada ikishachaguliwa na mwenye pesa, unachobaki nacho ni kuipaka rangi.

Twende Bungoma, kwa sababu huko kuna jambo linalonisumbua zaidi. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti, miaka inayogawika kwa mbili: 2022, 2024, halafu 2026. Unaujua mwendo wake. Kijana anazunguka na chinyimba mikononi kuwaalika jamaa, anaimbiwa usiku kucha, alfajiri anapakwa tope la mtoni na kuletwa uwanjani kwa baba yake, asimame wima asipepese jicho. Siku hizi mbele yake kuna simu thelathini zimeinuliwa. Kabla hajapona, video iko TikTok, uchi wake wote, na mtu asiyemjua amevuna likes. Kijana ana miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna yule mwingine anayekuja na kamera kubwa, anatuuzia sisi wenyewe kwenye kalenda na matangazo ya utalii. Je, ulijua kuna sheria? Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, nambari 33 ya mwaka 2016. Inasema jamii ndiyo mwenye hayo maarifa, na mtu akitaka kuyatumia kibiashara lazima apate idhini yao. Pia inazitaka serikali za kaunti ziwe na rejista ya maarifa ya jadi ya watu wao. Nenda ofisi ya utamaduni ya kaunti yako uombe kuiona hiyo rejista. Usiende na haraka, beba maji.

Maonyesho yanayofanywa na watu wenyewe yangesaidia papa hapa. Hebu fikiria chumba kimoja Kanduyi chenye picha za tohara zilizopigwa na vijana waliopitia, wakiamua wao ni nini kionekane na nini kibaki cha wanaume na mto. Kukhu zao wakaambiwa waje waseme sauti zao za usiku ule, maana wanawake huimba na hawaulizwi kamwe. Na yule aliyepelekwa hospitali kwa sababu mama yake ni wa kanisa asiyetaka mambo ya mto, naye awe na ukuta wake. Wangebishana mle ndani hadi jioni, na ubishi huo ndio ningelipa kuuona.

Lakini kuna sababu watu wanaogopa kujaribu, na haiko mbali. Butere ni hapo jirani, Kaunti ya Kakamega. Mwaka 2013 wasichana wa Butere Girls walizuiwa kuigiza Shackles of Doom kwenye tamasha la kitaifa hadi mahakama ikaingilia. Miaka kumi na miwili baadaye, Aprili 2025, shule ileile, mwandishi yuleyule, Cleophas Malala, mchezo mwingine: Echoes of War. Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe. Walipofika Nakuru, mwandishi akakamatwa na polisi wakatumia vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Miezi michache kabla, Desemba 2024, mchora katuni Kibet Bull alitekwa kwa sababu ambayo kila mtu mtandaoni aliijua, akaachiliwa Januari. Kifungu cha 33 cha katiba kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Wewe kama ni mchoraji wa Chwele, utachora nini kesho?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sikuuzii nadharia. Ila katiba nimeisoma, ni bure. Ratiba ya Nne inaweka utamaduni na makumbusho mikononi mwa kaunti, kwenye fungu moja na kamari, kasino na leseni za pombe. Sitanii, angalia mwenyewe. Na ukiangalia tunavyotumia utamaduni, labda aliyeandika alituelewa: tunakodi wachezaji wamwimbie mheshimiwa akishuka kwenye gari, wanapewa soda na nauli, kisha pesa zilizobaki zinaitwa "ukuzaji wa utamaduni".

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na lazima kuwe na vikao vya wananchi kutoa maoni. Ni ukumbi uleule wenye viti vya plastiki, mara nyingi umejaa wazee peke yao kwa sababu sisi tuko kazini au tumelala. Ukienda, tafuta ukurasa wa utamaduni. Uliza ni ngapi za kukodi wachezaji wa sherehe na ni ngapi za rangi, ukuta na chumba cha kutundika picha. Uliza kwa Kiswahili, kwa sauti, na uandike jibu utakalopewa pamoja na jina la afisa aliyelitoa.