Mita 184 na watu wa bondeni
JICHO LA MTONI, na Asha Mbonde

Tangu mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji, ubishi haujatoka mahali pamoja: ilikuwa mvua au bwawa? Wakulima wa Muhoro walilinyooshea kidole Bwawa la Julius Nyerere. Tanesco, shirika la umeme, wakajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kwangu mimi la kuuliza ni jingine: masika yalipokuwa yanakaribia, bwawa lilikuwa limeachiwa nafasi kiasi gani?

Bwawa lile hujaa kwenye mita 184 juu ya usawa wa bahari. Likishafika hapo, maji yanayoingia hayana pa kukaa. Yatapita kwenye mitambo au kwenye milango ya kumwagia maji. Anayetaka kukinga mafuriko atalipunguza kabla ya mvua. Anayetaka umeme wa mitambo tisa, megawati 2,115, atapenda lijae, kwani kina kikubwa husukuma mitambo vizuri na ndiyo akiba ya kiangazi. Wote wawili wana haki. Ila maji ni hayo hayo.

Woga wa wahandisi wetu wa kupoteza maji naujua, umezaliwa kwenye Bwawa la Mtera. Mtera hujaa kwenye mita 698.5, na 690 ndicho kina cha chini cha kuzalishia umeme. Mwaka 2006 maji yalishuka hata chini ya hapo, tukakaa gizani kwa mgao. Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa nchi nzima. Aliyepitia hayo akiona mto umejaa, hataki hata tone lipotee. Lakini Mtera si Nyerere. Mto Kilombero, unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, hauna bwawa kubwa la kuuzuia njiani. Ukifurika, mzigo wote unashukia Nyerere.

Kwa hiyo linahitajika jedwali la mwaka mzima: mwezi huu kina kisizidi hapa, mwezi ule tuanze kujaza. Wataalamu wa mabwawa wanalijua jedwali la namna hiyo. Mwananchi wa Rufiji je? Yeye husikia habari za kina siku ya sherehe au siku ya hatari, tena kwa mita tupu, na mita zenyewe hazilingani. Bwawa hutanuka kadiri linavyopanda, kwa hiyo mita moja ya juu hubeba maji mengi kuliko mita moja ya chini. Ukiambiwa zimebaki mita mbili lijae, usidhani ni kidogo.

Na Warufiji si watu wa kufundishwa mto. Maji yakipungua wanalima mlau, yaani mahindi na mboga kwenye tope lililoachwa na mafuriko. Serikali iliwahamishia miinukoni mwishoni mwa miaka ya 1960, na bado watu waliendelea kurudi bondeni kulima. Mafuriko ya kiasi ni mbolea kwao; kinachowaangamiza ni maji yanayokuja bila taarifa, shamba likiwa limeshapandwa. Bwawa lenye milango lingeweza kuwapa mafuriko madogo yenye tarehe, wakapanga mbegu zao kwayo. Ajabu ni kwamba katika kelele zote za megawati, hilo sijalisikia likijadiliwa kwa uzito.

Ninachodai si kikubwa. Tanesco na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji watangaze kila asubuhi kina cha bwawa, maji yaliyoingia, yaliyotoka, na yanayotarajiwa kufunguliwa siku tatu zijazo. Yasomwe redioni na kubandikwa kwenye ofisi za vijiji, Utete hadi Muhoro. Bwawa haliendeshwi bila vipimo hivyo, kwa hiyo hakuna mtambo mpya wa kununua. Inatakiwa saini ya mkubwa mmoja tu, na aiweke kabla ya Machi, masika hayajaanza.