Elimu na Furaha ya Mwanafunzi

Kuna fundisho linalohubiriwa sana majumbani na madarasani: mwanafunzi wa chuo kikuu asome kwanza, furaha itakuja baadaye. Fundisho hili limevaa joho la hekima, lakini ndani yake mna madhara. Watetezi wake huleta ushahidi wa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali ni ya kweli. Lakini yasema ainame. Haikusema ahamie mvunguni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa daraja la kwanza kwa wastani wa 4.4 hadi 5.0. Nambari hiyo ni kipimo, wala si vibaya kuitamani. Ubaya huanza kipimo kinapoabudiwa. Hapo mwanafunzi huchagua somo jepesi akaacha alipendalo. Hukariri madesa akaacha vitabu. Rafiki mgonjwa hatembelewi, simu ya mama haipokelewi. Shahada hupatikana, na furaha iliyoahirishwa haipo mlangoni kumngoja. Shahada ya pili huita, kisha ya tatu, kisha cheo. Hiyo "baadaye" ni kama upeo wa bahari: jahazi likiusogelea, nao husogea.

Julius Nyerere alipata shahada yake Edinburgh mwaka 1952. Mwaka 1963, akiwa Rais mwenye mzigo wa taifa changa, ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Hapakuwa na mtahini aliyeingoja kazi ile aipe alama. Elimu iliyopendwa haifi siku ya mahafali.

Itasemwa kuwa mtoto wa maskini hana nafasi ya raha, kwani ng'ombe ameuzwa ili asome. Deni hilo ni la haki, na lazima lilipwe. Lakini mzazi hakuuza ng'ombe anunue nambari. Aliuza apate mtu. Wala hoja hii si kinga ya mvivu. Akeshaye ngomani na kusinzia darasani hana furaha. Ana usahaulifu tu.

Basi wazazi na walimu wasiulize swali moja pekee, "Umepata ngapi?" Waulize na la pili, "Umependa nini?" Chuo ambacho wanafunzi wake hulijibu la kwanza upesi, wakanyamaza kwa la pili, ndicho kilichoshindwa mtihani.