Mshale wa Kimo Haujui Mpaka

Tarehe 7 Novemba 2022 ndege ya kivita ya Kongo, aina ya Sukhoi-25, iligusa ardhi kwa muda mfupi katika kiwanja cha ndege cha Gisenyi, wilayani Rubavu, kisha ikaruka na kurejea kwao. Serikali ya Rwanda ililiita jambo hilo uchokozi. Serikali ya Kongo ilijibu kwamba ndege hiyo haikuwa na silaha, na kwamba iliingia katika anga ya jirani kwa bahati mbaya. Siku ile haikufyatuliwa risasi hata moja. Lakini tarehe 24 Januari 2023 ndege nyingine ya aina hiyo hiyo ilishambuliwa kwa kombora, ikatua Goma ikiwa imepata madhara.

Hatukusudii kuwahukumu majirani hawa. Lakini askari wa Tanzania wametumikia Kivu chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2013, na polisi wetu hulinda viwanja vya ndege na mipaka. Hapana budi wajue vyombo vya rubani humwambia nini, na nini havimwambii.

Chombo cha kwanza ni kipimo cha kimo. Ndani yake mna kikopo chembamba kilichonyonywa hewa na kuzibwa. Hewa ya nje huingia katika chombo kwa matundu madogo yaliyo ubavuni mwa ndege. Ndege ipandapo, mkandamizo wa hewa hupungua, kikopo hutanuka, na mshale husogea. Katika hali ya kawaida mkandamizo ni milibari 1013 pwani. Kiwanjani Gisenyi, penye kimo cha mita 1,550 hivi, ni kama milibari 840. Rubani akikosea kuurekebisha mshale kwa milibari 10, kimo hukosewa kwa zaidi ya mita 80. Hilo si jambo dogo penye mawingu, karibu na mlima Nyiragongo wenye mita 3,470.

Chombo cha pili hupima mwendo. Mrija unaoitwa wa Pitot, kwa jina la Mfaransa aliyeubuni, hupokea hewa inayoipiga ndege kwa mbele. Tofauti kati ya mkandamizo huo na ule wa ubavuni ndiyo mwendo unaoonyeshwa. Hewa ya Gisenyi ni nyepesi, hivyo ndege huenda kasi kuliko mshale usemavyo, kwa kadiri ya asilimia 8. Chombo cha tatu huonyesha jinsi ndege inavyopanda au kushuka, kwa kupima mabadiliko ya mkandamizo.

Basi tuzingatie hili: viwanja vya Goma na Gisenyi vimeachana kwa kilomita chache tu, na vimo vyao karibu ni sawa. Mshale wa kimo husoma namba ile ile pande zote mbili. Chombo hiki hakijui mpaka. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya tukio la 2022. Twasema kwamba ndege iliyovuka huenda imetumwa, na huenda imepotea. Kwa hiyo mlinzi wa mpaka aripoti upesi alichokiona, na uamuzi wa kufyatua auachie amri ya wakubwa wake.

Mlinzi wa kiwanja naye ana wajibu wake. Tarehe 6 Februari 1996, katika Jamhuri ya Dominika, watu 189 walikufa baada ya mrija wa Pitot kuziba. Wachunguzi walishuku kiota cha nyigu. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo, nchini Peru, walikufa watu 70, kwa kuwa waliosafisha ndege walisahau utepe juu ya matundu ya ubavuni. Lindo la usiku lingeweza kuuona utepe ule kwa tochi. Askari aonapo kitu cha namna hiyo asikiguse. Amwite fundi kabla ndege haijaruka.