Feni ya mpangaji: punguzo la umeme lihesabu watu, lisihesabu mita



Februari iliyopita, siku chache kabla ya kuingia mwezi mtukufu, aliletwa zahanati bibi mmoja wa umri wa miaka kama sabini. Alfajiri, akienda uani kutawadha, alipata kizunguzungu akaanguka. Alhamdulillah, hakuvunjika. Nilimpima presha akiwa amelala, kisha nikampima akiwa amesimama, na aliposimama ikashuka sana. Bibi huyu ni mgonjwa wa presha wa siku nyingi na katika dawa zake imo ile ya kukojosha. Midomo ilikuwa imemkauka. Nikamuuliza habari za usingizi.

“Usingizi gani, mwanangu? Chumba kile ni tanuri. Nakaa mlangoni mpaka saa nane za usiku, nikiona kumepoa kidogo ndipo naingia ndani.”

“Huna feni, bibi?”

“Feni ninayo, mjukuu wangu alininunulia. Iko chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba amesema feni inakula umeme, anayetaka kuwasha aongeze elfu tano kila mwezi. Mimi elfu tano naitoa wapi, dokta?”

Nakiri kwamba pale pale nilimlaumu mama mwenye nyumba moyoni mwangu. Jioni, nikiwa nyumbani, nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu nilikuta yule mama hakumdhulumu mtu. Tena huenda anapata hasara.

Kwanza tuseme juu ya joto lenyewe, maana wengi wetu tunalichukulia kuwa ni karaha tu, si ugonjwa. Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi ndipo mtu anapopata nafuu. Hapa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, hewa imejaa unyevu wa bahari, na usiku joto halishuki sana chini ya nyuzi 25. Katika chumba kisicho na upepo jasho hutoka lakini halikauki. Maji na chumvi vinapotea, damu inapungua nguvu ya kwenda, moyo unafanya kazi maradufu. Kijana atalalamika tu. Lakini mzee, mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa kisukari na huyu anayemeza dawa ya kukojosha, hao wanaweza kuzimia, figo zao zikaumia, na joto la mwili likipanda mno mtu huanza kuweweseka na anaweza kufa.

Ziko pia hasara nyingine ambazo sisi wa zahanati tunazikuta kila siku wala hatuziandiki kwamba ni za joto. Watoto wanakuja na harara shingoni na mgongoni, wamejikuna mpaka pameota usaha. Insulini inaharibika kabatini (wenye kisukari wasio na friji waiweke ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa maji, inasaidia). Na kubwa kuliko yote ni chandarua. Waulize watu kwa nini chandarua kimekunjwa juu ya kitanda, jibu ni lile lile: “Dokta, mle ndani ni joto.” Serikali ilianza kutoa Hati Punguzo mwaka 2004 ili mama mjamzito apate chandarua kwa bei nafuu, ikatumika fedha nyingi, na baadaye vyandarua vikagawiwa bure. Ni kazi nzuri sana, tumeona malaria ikipungua. Lakini chandarua kisicholaliwa hakizuii mbu, na asiye na feni ndiye anayekikunja.

Feni basi si anasa. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike maadamu joto halijafikia nyuzi 40, kwa kuwa juu ya hapo inampulizia mtu hewa ya moto tu. Pwani yetu hatufiki huko. Kwa hiyo tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi za jangwani hawana: kifaa cha bei ndogo kabisa kinatutosha. Hatuombi viyoyozi.

Sasa hesabu. Feni ya mezani ya wati 60 ikiwashwa saa kumi kwa usiku inakula uniti 0.6. Kwa mwezi ni uniti 18. Katika agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida aliwekewa shilingi 292. Hili la shilingi 100 ndilo punguzo la Serikali kwa mnyonge, na wala si dogo. Kwa bei hiyo feni ya bibi kwa mwezi mzima ni shilingi 1,800. Kwa bei ya kawaida ni 5,256, na ukiweka kodi na tozo inavuka 6,000.

Mnaona ndugu zangu elfu tano ya mama mwenye nyumba ilikotoka? Nyumba ile ina vyumba sita, kaya sita, mita moja ya LUKU. Kila kaya ikitumia uniti 25, yaani feni moja, taa na kuchaji simu, jumla inakuwa 150. Mita imeshavuka 75, imehesabiwa kuwa ni ya mtu mwenye uwezo. Kila kaya inalipa shilingi 7,300 kwa kitu ambacho kama ingekuwa na mita yake ingelipa 2,500. Na jirani wa nyumba ya pili, mwenye nyumba yake na mita yake, anaishi na mkewe tu, ana friji na televisheni, akijibana kwenye uniti 70 analipa 7,000 kwa vyote hivyo. Simwonei kijicho, ni haki yake. Nasema tu kwamba punguzo lililotungwa kwa ajili ya maskini limemfikia yeye, likampita bibi wa chumba kimoja. Mita haijui kuhesabu watu.

Na nyumba za namna hii ndizo tunazoishi wengi wetu. Nenda Manzese, Buguruni, Mbagala, Tandale, uhesabu milango na uhesabu mita.

Yuko atakayesema wazee wetu waliishi bila feni. Ni kweli, nami nimesoma madrasa chini ya makuti na sikumbuki kuona joto la kunitoa darasani. Lakini wazee wetu waliezeka makuti, wakawa na baraza mbele na ua nyuma, upepo ukapita. Sisi tumeezeka bati bila dari. Dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, unaweza kuugusa kwa mkono, na usiku linafungwa kwa kuogopa wezi. Mtu wa kumwambia afungue dirisha apate hewa, kwanza akalale mle siku moja.

Mwingine atasema hakuna nchi inayowalipia watu upepo. Ipo, na ni muda sasa. Marekani ilipitisha mwaka 1981 sheria ya kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia nishati ya nyumbani, kupasha joto wakati wa baridi na kupoza wakati wa kiangazi. La kuzingatia ni kwamba kitaifa mpango huo uliwekwa chini ya idara ya afya na huduma za jamii, haukuwekwa chini ya idara ya nishati. Waliona ni suala la afya. Nao hawakufaulu kila mahali: sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye baridi, na majimbo mengine hayatoi chochote kwa ajili ya joto. Julai 1995 joto kali lilipoingia mji wa Chicago walikufa watu zaidi ya 700, wengi wao wazee wanaoishi peke yao. Ufaransa nayo, Agosti 2003, ilipoteza watu wapatao 15,000. Mwaka 2018 huko Arizona bibi mmoja alikufa kwa joto baada ya kukatiwa umeme kwa deni la dola 51, na mwaka uliofuata wasimamizi wa jimbo wakazuia kampuni kukata umeme wa wadaiwa msimu wa joto. Ilibidi mtu afe kwanza. Sisi tuna nafasi ya kufanya kabla.

Mimi ni afisa tabibu, si mhandisi wala mchumi, lakini naliona jambo la kwanza ni jepesi: punguzo lihesabiwe kwa kaya. Mita yenye kaya sita ipewe uniti 75 mara sita kwa bei ya chini, baada ya mjumbe na serikali ya mtaa kuthibitisha waliomo. Kuna watakaodanganya, ndiyo. Lakini Serikali iliyoweza kuzipata nyumba zetu kupitia LUKU mwaka 2021 ili ikate kodi ya jengo, haishindwi kuzipata ili ijue ndani wamo kaya ngapi. Njia ya pili ni kila mpangaji kuwa na mita yake, nayo ni nzuri zaidi, ila mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilirudi kuwa shilingi 320,960. Mpangaji wa chumba kimoja hatoi fedha hiyo kwa nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba haoni faida. Kwa kaya ambazo TASAF imeshazitambua, mita hiyo ingeweza kutolewa kwa ruzuku. Umeme wenyewe si kisingizio tena kama miaka ile ya mgawo: bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024, na uwezo wake ni megawati 2,115.

Wakati tunangoja, wenye nyumba nawaomba jambo moja. Pasi, hita na jiko la umeme mna haki ya kuvikataza, vinakula kweli: hita ya wati 1,000 kwa saa moja inakula zaidi ya feni usiku kucha. Feni msiiweke kundi moja na hivyo. Na penye mzee, mjamzito au mtoto mchanga, hiyo elfu tano wapangaji wote waichangie, ni kama mia nane hivi kwa kila mlango. Ninyi wenye kutumia dawa za presha, siku za joto kali msiache dawa wala msipunguze wenyewe, bali njooni mpimwe mkiona kizunguzungu mnaposimama. Maji yanywewe kabla ya kiu.

Bibi yule alirudi kliniki baada ya Idi. Masika yalikuwa yameanza, usiku kunapoa, na presha yake ilikuwa imetulia. Nikamuuliza habari ya feni.

“Ipo pale pale chini ya kitanda, mwanangu,” akasema. “Naingojea Desemba.”