Kompyuta haipandi kizimbani

Ndugu msomaji, tangu Julai 1998, VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya mauzo, mfanyabiashara aliyesajiliwa amegeuzwa mtoza kodi asiye na mshahara. Anajikadiria mwenyewe, na kila tarehe 20 awe amewasilisha ritani ya mwezi uliopita. Akikosea, adhabu ni yake, hata kama hesabu imepigwa na kompyuta.

Hebu tuone. Bara, kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Umeuza mali kwa shilingi 118,000, kodi ikiwa ndani. Kodi hapo ni 18,000. Lakini usipoieleza programu kwamba bei ina kodi tayari, itatoza asilimia 18 ya 118,000 yote: 21,240! Shilingi 3,240 zimekutoka hivi hivi. Na manunuzi yasiyo na risiti ya EFD ukiyadai, wakaguzi watayafuta.

Serikali isikimbilie faini kabla ya kufundisha. Semina ziende Kariakoo na Mwanjelwa, siyo hotelini. Nawe msomaji, kabla ya tarehe 20 chukua risiti moja, ipigie hesabu kwa mkono. Kizimbani utapanda wewe, siyo kompyuta.