Altrasaundi si ya Wajawazito Tu



Ukitaja altrasaundi hapa Mpwapwa, kila mtu hufikiria mimba. Ni kweli, kipimo hicho kimewasaidia akina mama wengi. Lakini kinayo kazi nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: kumkinga na kiharusi mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Kwa maoni yangu, kila mtoto mwenye ugonjwa huo anastahili kupimwa, hata kama anaonekana hana tatizo.

Kwanza tukifahamu kipimo chenyewe. Sikio la binadamu husikia sauti yenye mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutoa sauti yenye mitetemo milioni 2 na zaidi. Sauti hiyo hupenya mwilini, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi wa mlimani. Mitetemo ikiongezeka, picha huwa safi zaidi, ila sauti haifiki mbali ndani ya mwili. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilitengenezwa darubini inayotumia sauti badala ya mwanga. Kwa mitetemo mamia ya mamilioni kwa sekunde, wanasayansi huchunguza chembe hai moja moja maabara na kujua kama ni laini au ngumu, bila kuiua.

Ulaini huo ni uhai. Chembe nyekundu ya damu isiyo na ugonjwa hujikunja na kupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, na huishi siku 120 hivi. Chembe ya selimundu ikipungukiwa oksijeni hukakamaa na kujipinda kama mundu. Hunasa njiani, na hufa baada ya siku 10 hadi 20. Mtoto hupungukiwa damu, hupata maumivu makali, na mishipa ya ubongo wake yaweza kuwa myembamba taratibu hadi kuziba.

Hospitalini hatuchunguzi chembe moja moja kwa sauti. Tunapima kasi ya damu. Mtaalamu huweka kifaa kwenye panja la mtoto, naye husoma mwendo wa damu ubongoni. Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji hutoka kwa kasi. Vivyo hivyo damu hukimbia mshipa unapokuwa mwembamba. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Kipimo hiki hakina sindano, maumivu wala mionzi.

Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wenye kasi hiyo wakiongezewa damu mara kwa mara, kiharusi cha kwanza hupungua kwa asilimia zaidi ya 90. Lakini sote tunajua jinsi damu ilivyo adimu. Kuanzia mwaka 2019, Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ilipima watoto wapatao 200 wenye selimundu. Karibu robo yao walikuwa na kasi iliyopita kiasi. Walipotumia dawa ya haidroksiyurea, kasi hiyo ilishuka. Basi njia ipo, tena katika nchi yetu.

Tufanye nini? Mtoto mwenye macho ya manjano, anayevimba vidole vya mikono na miguu, au anayeishiwa damu mara kwa mara, apimwe selimundu. Akithibitika kuwa nayo, apimwe kasi ya damu ya ubongo kila mwaka, tangu miaka 2 hadi 16. Si kila hospitali yenye mashine ina mtaalamu wa kazi hii, hivyo mwulizeni daktari ni hospitali gani ya rufaa mtakayopelekwa. Jumuiya ndogo ndogo zisaidie nauli kwa familia zisizojiweza. Nasi wa hospitali tudai mafunzo, ili mashine zisiishie kwenye mimba tu.

Wapo wasemao, "Mtoto hana homa, nimpeleke wa nini?" Kiharusi hakibishi hodi. Na mtoto akipooza upande mmoja au mdomo ukipinda, tusitafute aliyemroga. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ubongo wa mtoto ukishaharibika, ukuta wake haujengeki tena.